Barua ya wazi kwa wasimamizi wa nyumba za umma: robo tatu ya chumba si nyumba

Kwa Wakuu wa ofisi inayosimamia nyumba za umma za kupangisha,
Mombasa.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: KUFUTIWA UPANGAJI KWA MADAI YA KUSEMA UONGO KATIKA FOMU YA MAOMBI

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mama wa watoto watatu, muuza mahamri na mbaazi, niliyekuwa mpangaji wenu kwa miaka sita hadi siku mliyotia kufuli lenu mlangoni pangu. Jina langu na nambari ya nyumba sitaviandika hapa. Mnavyo. Viko kwenye barua tatu nilizowaletea kwa mkono wangu, na zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza niliileta siku ya tatu baada ya ilani kubandikwa mlangoni. Ya pili ilifuata wiki mbili baadaye. Ya tatu nilisindikizwa na kaka yangu, kwa kuwa nilianza kudhani mwanamke akija peke yake hasikiki. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Nimefika ofisini kwenu mara saba. Siku moja mkubwa yuko mkutanoni, siku nyingine faili iko kwa mwenzake, na mara ya mwisho kijana wa dirishani akaniambia kwa upole, "Mama, usijichoshe, mfumo umeshaamua."

Neno hilo ndilo lililonitoa hadharani. Ufunguo wa ile nyumba sikupewa na mfumo. Nilipewa na mtu, akanipa mkono, akaniambia "hongera mama". Nami nataka kusikilizwa na mtu.

Sitaji ofisi yenu kwa jina wala karani yeyote, maana sikuja kumfedhehesha mtu. Wenyewe mnajijua, na wapangaji wenzangu waliobandikiwa ilani kama yangu watajua pia.

Ilani ilikuwa na mistari sita. Ilisema nilitoa taarifa za uongo nilipoomba nyumba, kwamba upangaji wangu umefutwa, na kwamba nina siku 14 za kuhama. Ni uongo upi, haikusema. Niliujua kwa kuchungulia tu faili iliyokuwa mkononi mwa karani: mambo matatu yamepigiwa mstari mwekundu. Nayajibu yote matatu hapa, kisha nitasema la nne, ambalo haliko kwenye faili.

1. Kwamba nina nyumba Majengo na nikakana kuwa nayo.

Hili ndilo lililonitoa, kwa hiyo mniwie radhi nikilieleza kwa urefu.

Marehemu baba alijenga nyumba Majengo. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingine pale: vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko na choo. Kuta na mabati ni vya baba. Ardhi si yake. Maisha yake yote alimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na risiti zake mama amezihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti mpaka leo. Nyinyi ni watu wa Mombasa, hamhitaji kufundishwa na mimi maana ya nyumba bila ardhi. Tangu ardhi ya mwambao huu ianze kuandikiwa hati kwa sheria ya 1908, kumekuwa na watu wenye kuta na paa, na mchanga ulio chini yake ni wa mwingine ambaye pengine hawajawahi kumwona. Nyumba kama hiyo benki haikukopeshi juu yake. Ukitaka kuipandisha ghorofa unakatazwa. Mwenye ardhi akiuza kiwanja, huna la kufanya ila kungoja mnunuzi aje akwambie anataka nini. Baba alizikwa akiwa na nyumba, na hakumiliki hata hatua moja ya ardhi ya mji aliozaliwa.

Alipofariki tulikwenda kwa Kadhi kwa ajili ya mirathi. Majina sita yakaandikwa: mama, kaka zangu wawili, na sisi mabinti watatu. Hapo ndipo mlipolipata jina langu. Hesabu ya faradhi kila Mwislamu wa mji huu anaijua. Mjane, marehemu akiwa ameacha watoto, hupata thumni. Saba zilizobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Kaka wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni matatu, jumla saba. Basi fungu langu nami ni thumni, moja ya nane. Nyumba ina vyumba sita. Thumni ya vyumba sita ni robo tatu ya chumba.

Hiyo ndiyo nyumba yangu ya Majengo. Robo tatu ya chumba, juu ya ardhi ya mtu.

Siwezi kuiuza, kwa sababu mama yangu yu hai na hana pengine pa kulala. Siwezi kuipangisha, kwa sababu haina mlango wake. Kaka mkubwa na familia yake wana vyumba viwili, kaka mdogo viwili, mama kimoja, na cha sita kimepangishwa ili ipatikane kodi ya kiwanja na dawa za mama za presha. Shilingi moja ya nyumba ile haijawahi kuingia mkononi mwangu, wala siidai.

Sasa turudi kwenye fomu. Ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Mimi nimesoma hadi darasa la nane, na Kiingereza cha sokoni nakielewa, lakini kile cha fomu yenu ni cha mawakili. Alinijazia kijana wa saiba kwa shilingi 100. Akaniuliza, "Mama, una nyumba au shamba?" Nikamjibu, "Nyumba sina. Iko ya marehemu baba, Majengo, wanakaa mama na kaka zangu, na ardhi si yetu." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi huna," akatia alama. Nikatia sahihi.

Sahihi ni yangu na siikatai. Wala sitamtupia kijana yule lawama, kwa sababu ningejaza kwa mkono wangu ningejibu vilevile. Kwetu sisi mwenye nyumba ni yule anayeweza kuufunga mlango wake na kuufungua bila kumwomba mtu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, ndiyo na la. Je, ningetia alama ya "ndiyo", ningekuwa nimesema kweli? Mngesoma kwamba mama huyu ana nyumba, mkaiweka fomu yangu pembeni, na wanangu wangebaki Kisauni katika chumba kimoja kilichokuwa kikijaa maji kila masika. Katika majibu mawili mliyoniwekea, nilichagua lililokuwa karibu zaidi na ukweli. Sasa mnaniita mwongo kwa hilo.

2. Kwamba nilipunguza mapato yangu.

Niliandika kwamba napata shilingi 13,000 kwa mwezi. Nyinyi mkaomba taarifa ya M-Pesa yangu, nikawapa bila kusita kwa kuwa sikuwa na la kuficha, mkakuta mwezi mmoja zimeingia shilingi 46,000. Mstari mwekundu.

Laiti mngeniuliza, ningewajibu hata kwa kusimama pale dirishani. Katika 46,000 zile, 12,000 ni za chama. Tuko wanawake kumi na wawili, kila mmoja hutoa 250 kwa wiki, na mimi ndiye mweka hazina. Jumatatu huingia, Jumanne hutoka kwenda kwa aliyefikiwa na zamu. Tazameni taarifa ileile, mtaziona zikitoka. Nyingine 4,000 ni za kaka mdogo, hunitumia mimi za kununulia dawa za mama kwa kuwa mimi ndiye niendaye duka la dawa. Zilizobaki 30,000 ni mauzo.

Nami nitawaongezea msichokiona kwenye simu: si wote hulipa kwa simu. Mauzo yangu yote, pamoja na pesa taslimu, hufika kama 65,000 kwa mwezi. Mbona sikuandika hiyo? Kwa sababu si yangu. Naamka saa tisa usiku. Unga kilo nane, sukari, nazi sita, mafuta, mbaazi, mkaa, iliki na hamira, kwa siku hiyo ni kama shilingi 2,000. Nikiuza vikaisha vyote napata 2,500. Kinachobaki ni 500. Siku 26 za kazi, ni 13,000. Na hapo sijahesabu siku ya mvua, ambapo mahamri hurudi nyumbani tukayala wenyewe usiku, wala mwezi wa Ramadhani, ambapo asubuhi sina wateja na lazima niuze jioni, nishindane na kila mama aliyetoa meza barabarani.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamhesabu mtu wa nyumba ya kijamii kuwa ni yule ambaye mapato yake hayafiki shilingi 20,000 kwa mwezi. Nyumba zenu zilikuwapo kabla ya sheria hiyo, lakini kipimo hicho ndicho alichonitajia karani. Haya, kwa kipimo hicho mimi bado ni mtu wa nyumba ya kijamii. Mwenye duka hamumwiti tajiri kwa pesa alizompa mwenye lori la unga.

3. Kwamba nilificha idadi ya watu wanaokaa ndani.

Niliandika wanne, mimi na wanangu watatu, na siku ile tulikuwa wanne. Wa tano ni mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuja kutoka Kwale miaka miwili baadaye ili amalizie sekondari. Nilimwambia mlinzi wa mtaa na mzee wa nyumba kumi kwa mdomo. Kwenu sikuandika. Hilo ni kosa langu, nalikubali na naomba radhi. Lakini kosa la kutowaandikia baadaye si uongo wa siku ya kuomba, na yatima si mpangaji wa siri.

4. Namna mlivyonitoa.

Hili haliko kwenye faili yenu, nami naona ndilo kubwa kuliko yote matatu.

Ninacho kitabu cha Katiba cha Kiswahili, na Kifungu cha 47 nimekisoma mara nyingi mwaka huu kuliko nilivyotarajia maishani. Kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa haraka, kwa sheria na kwa uadilifu, na kwamba uamuzi ukimdhuru mtu ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iko pia sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho. Kijana mmoja wa mtaa anayesomea uwakili alinifafanulia: kabla ya kuchukua hatua ya kumwumiza mtu, ofisi inatakiwa impe taarifa ya kutosha, imwambie sababu, imwoneshe ushahidi inaoutegemea, impe nafasi ya kujitetea, na imjulishe kwamba anaweza kukata rufaa. Nilihesabu kwa vidole. Kati ya hayo nilipata moja, taarifa, nayo ilikuwa ya siku 14 na mistari sita.

Siku ya kumi na tano walikuja vijana wanne na bisibisi. Nilikuwa mezani nauza. Bintiye jirani alinikimbilia kuniita. Nilipofika, karai langu, masufuria, magodoro na mikoba ya shule vilikuwa ngazini, na sare ya mwanangu wa mwisho, niliyoianika dirishani, imewekwa juu ya jiko la mkaa ambalo, namshukuru Mungu, lilikuwa limeshapoa. Vijana hawakunitukana. Mmoja alinisaidia kuteremsha godoro. Siwalaumu wao.

Na hadi leo sijui ni nani aliyekaa akasoma fomu yangu, akaamua kwamba mimi ni mtu wa kutolewa.

Najua mtakayonijibu, maana nimeyasikia dirishani.

Mtasema nilitia sahihi chini ya maneno kwamba yote niliyoyajaza ni ya kweli. Ndiyo, nilitia. Lakini maneno hayo nayo yalikuwa ya Kiingereza, na Kifungu cha 7 cha Katiba kimekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi vilevile. Ikiwa mtu atapoteza nyumba kwa neno moja, basi neno hilo aulizwe kwa lugha anayoiota usiku.

Mtasema waongo wapo. Wapo kweli, na hakuna anayewachukia kushinda mimi. Wapo waliopewa nyumba zenu na hawajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Wanawalipa nyinyi elfu nne, wao wanampangisha mwingine kwa elfu kumi na mbili. Watoeni. Hao wakiitwa wajieleze hawatakuja, kwa sababu hawana la kueleza. Mimi nimekuja mara saba. Uhakiki wa nyumba za umma nauunga mkono kwa moyo wangu wote. Kinachoniuma ni uhakiki usiotofautisha mtu aliyewadanganya ili ale na mtu aliyejibu swali lisilokuwa na jibu lake.

Mtasema wanaosubiri nyumba ni wengi. Nawajua, nilikuwa mmoja wao. Na wengi wao ni kama mimi: wana thumni Majengo, wana sudusi, moja ya sita, Likoni, wana kijichumba cha baba Kisauni kinachogombewa na ndugu wanane. Mkimpa mmoja wao nyumba niliyoiacha, naye atatia alama ya "la" kwenye kisanduku kilekile, na baada ya miaka sita mtambandikia ilani ileile.

Basi naomba haya. Siombi huruma, naomba utaratibu.

Kwanza, ile nyumba isipewe mtu mwingine mpaka nisikilizwe. Nimepita wiki hii, bado ina kufuli, na mapazia yangu bado yananing'inia dirishani.

Pili, niitwe nije mbele ya watu watatu au wanne wenye mamlaka ya kubadilisha uamuzi, si mbele ya dirisha, nami nije na mtu wa kunisaidia kusema.

Tatu, nipewe kwa maandishi sababu za uamuzi na nakala ya kila karatasi iliyotumika dhidi yangu, pamoja na fomu yenyewe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu ombi kama hili. Barua hii ihesabiwe kuwa ni ombi hilo. Siku 21 zikipita kimya, nitalipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, na kijana wangu wa uwakili ameshaniandikia rasimu.

Nne, na hili ni la wengine zaidi kuliko langu, fomu iandikwe upya kwa Kiswahili. Iulize: una nyumba unayokaa au unayoweza kukaa wewe na wanao? Ardhi iliyo chini yake ni ya nani? Una fungu la mirathi, ni kiasi gani, na nani anakaa humo sasa? Kwa mfanyabiashara mdogo iulize kinachobaki baada ya kununua bidhaa, si kinachopita kwenye simu. Na paonekane mahali pa kuandika mtu akizaliwa, akifa, au akiletwa yatima. Mkihitaji wa kuwasaidia kuyapanga maswali hayo, tuko wanawake kumi na wawili wa chama, tutakuja siku moja bila malipo.

Tano, wapangaji wote mlionao kwenye orodha ya kutolewa kwa sababu kama zangu wapewe muda wa kurekebisha maelezo yao kabla ya kufuli kuletwa.

Kwa sasa mimi na watoto tuko Majengo. Binti zangu wawili wanalala na bibi yao kitandani, mimi chini. Wavulana wawili, wangu na wa marehemu dada, wanalala ukumbini juu ya mkeka, na huamshwa saa tisa usiku mimi nikipita na karai kwenda uani. Aliye kidato cha nne ana mtihani mwaka huu, na husoma kwenye baraza chini ya taa ya duka la jirani mpaka duka lifungwe. Mama hulia nikiwa sioni. Anafikiri yeye ndiye aliyeniponza, kwa kuwa yu hai na nyumba haikuuzwa tukagawana yakaisha. Nimemwambia si kosa lake. Ningependa asikie hivyo kutoka kwenu pia.

Nauza hadi saa tatu asubuhi. Jumatatu ijayo saa nne nitakuwa kwenye benchi la nje ya ofisi yenu, nikiwa na mkebe wa risiti za baba, karatasi ya Kadhi yenye majina sita, daftari la chama na taarifa ya simu ya miezi kumi na miwili. Nitakaa hapo mpaka mtu aniite ndani.

Wenu kwa heshima,

Muuza mahamri, aliyekuwa mpangaji wenu wa ghorofa ya pili
Majengo, Mombasa